Uwanja Uliolala Majini

Masika ya 2024 yaliua watu Nairobi na kusomba nyumba, Mathare na kwingineko. Mbele ya msiba huo, uwanja wa gofu uliogeuka bwawa ni jambo dogo. Hata hivyo, kuurudishia uhai ni ufundi, na anayeupenda ufundi haususi kwa kuwa ni wa starehe za wenye nazo.

Fundi mzuri huanza kwa kukataa: trekta isiingie, vigari vya wachezaji visiingie, hata mashine ya kukatia nyasi ingoje. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, vijitundu vya hewa huziba, na mizizi hukosa pumzi hata jua likirudi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hausahau gurudumu upesi. Wanachama hunung'unika, maana ada wamelipa. Fundi huchomeka bisibisi ardhini, huichomoa, huitazama, kisha hutikisa kichwa.

Tope la mto, lakini, halingojwi. Likikaukia juu ya grini, pale penye shimo la mpira, huwa gamba lisilopitisha hewa wala maji, kwa hiyo huondolewa likiwa bichi. Hapa ndipo napenda kutazama mikono: koleo hulazwa chini karibu bapa kabisa, lisije likang'oa nyasi, kisha hufuata mpira wa kukaushia sakafu, na mwisho maji ya bomba yasiyo na nguvu nyingi.

Kwingine uwanjani nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizi hizi za juu, hazihitaji kubembelezwa. Hutambaa zenyewe hadi mapengo yafungike. Mgonjwa ni grini, ambako majani hukatwa yakabaki milimita chache tu. Fundi hukata kabari ya udongo na kuinusa. Ikinuka yai viza, hewa imekwisha huko chini, na bakteria wanaoishi bila hewa wameanza kutengeneza tabaka jeusi. Ndipo huletwa mashine yenye meno yaliyo wazi ndani, inayong'oa vipande vya udongo vyenye urefu wa kidole. Matundu hujazwa mchanga mkavu, ukasukumwa kwa ufagio, ukarudiwa tena na tena.

Inasimuliwa kwamba Old Tom Morris, mtunza viwanja wa Scotland katika karne ya 19, aliijua dawa hiyo kwa bahati, pale toroli la mchanga lilipopinduka kwenye grini na nyasi za hapo zikastawi kuliko nyingine. Iwe kweli au hadithi, mchanga haujapata mshindani.

Nyasi zikishaanza kusimama, fundi hupandisha kisu cha mashine juu kuliko kawaida, kwani jani refu ndilo linalolisha mzizi uliochoka. Mpira hapo hubingirika polepole, tena kwa kurukaruka juu ya mchanga, na wachezaji hulalamika upya. Fundi husikiliza kwa adabu, na kisu hakishushi.