Waya wa Hasi Haufungwi kwenye Baiskeli

Inaniudhi kuona kazi mbovu ikipigiwa makofi. Juzi hapa Old Korogwe, karibu na daraja la Mto Pangani, ilisimama pikapu iliyokufa injini, imejazwa baiskeli za mtumba mpaka juu ya kabini, na mbele yake Fuso tayari kuivuta kwenda Handeni. Nyuma, fundi alikuwa ameizungushia taa za LED za kijani, buluu na nyekundu, zinakimbizana. Vijana wa bodaboda wakatoa simu, wakapiga picha, wakamsifu fundi kwa sauti. Wanasifu nini? Taa za breki za pikapu ile zilikuwa zimezama nyuma ya rimu na spoki, indiketa ya kulia imefunikwa na tandiko, na mkimbizano ule wa rangi haukumweleza dereva wa nyuma lolote: gari linapunguza mwendo, linakata kona, au limesimama.

Barabara hii si ya mapambo. Mabasi ya Moshi na Arusha yakishaiacha Segera yanapita hapa mfululizo, na malori ya masafa nayo hayalali. Nje ya mji, mashamba ya mkonge yanafika karibu na lami na giza ni giza kweli. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linakula mita 22. Dereva wake akiikuta pikapu iliyobeba baiskeli hivyo, Fuso iliyo mbele haioni kabisa. Habari zote za Fuso ile anazipata kwenye ubao wa taa unaofungwa nyuma ya mzigo na kuungwa waya na Fuso, na ubao ukinyamaza hana mtu mwingine wa kumwambia.

Kwa hiyo kazi nzuri inaanza na ubao, na ubao unafungwa nje ya baiskeli ya mwisho, si katikati ya mzigo. Upana wake ufuate mzigo, usifuate bodi ya gari. Usukani wa baiskeli ukichomoza upande wa kulia, taa ya kulia ifike hapo, kwa sababu anayekupita anapita upande huo na anayekuja mbele naye yuko upande huo. Ubao uwe wa mbao. Wa plastiki siutambui. Taa ziwe za duara, mbili kila upande, nyekundu ndani na ya chungwa nje. Ufungwe kwa mpira wa tyubu, mizunguko mitatu, si kwa waya wa kufungia nondo. Baiskeli ya mwisho igeuze mnyororo ndani. Fundi anayegeuza mnyororo nje hajui kupakia, na asiyejua kupakia sitamwachia taa zangu.

Kuna jambo la volti ambalo limewaaibisha wengi. Fuso kubwa ni ya volti 24, pikapu ni ya volti 12. Kijana anachomoa glopu za pikapu, anazitia kwenye ubao, anaunga waya kutoka Fuso, na glopu zinang'aa vizuri ajabu kwa muda mfupi, kisha zinakufa moja baada ya nyingine. Glopu za ubao zifuate gari linalovuta. Ukimwona fundi anasoma maandishi kwenye kitako cha glopu kabla hajaipachika, mpe heshima yake.

Lakini vyote hivyo hata mgeni anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Kinachomtenga fundi na mbabaishaji ni waya wa hasi, na huo watazamaji hawauangalii hata siku moja. Wao wanaangalia kama taa zinawaka. Taa kuwaka si ushahidi.

Glopu ya nyuma ina nyuzi mbili: mmoja wa wati 5, wa taa ya usiku, na mmoja wa wati 21, wa breki. Kila uzi una waya wake wa kuleta umeme, lakini zote zinarudi kwa njia moja, ya hasi. Njia hiyo ikikatika, umeme wa breki hutafuta pengine pa kupita. Unaingia kwenye uzi wa taa ya usiku, unarudi kinyumenyume kwenye waya wake, unakwenda kuitafuta hasi kwenye glopu za Fuso yenyewe. Ndipo unapoona maajabu: dereva anakanyaga breki na taa inafifia badala ya kung'aa, au anawasha indiketa ya kulia na taa za pande zote mbili zinakonyeza kwa unyonge. Dereva wa basi aliye nyuma anasoma taarifa ya uongo.

Sasa angalia mbabaishaji anavyofanya. Ubao uko nje kabisa, juu ya baiskeli, na waya umemwishia. Waya zinazoleta umeme hawezi kuzipunguza, maana taa haitawaka. Basi anaukata ule wa hasi, ncha yake anaifunga kwenye fremu ya baiskeli. Chuma si chuma? Anawasha, taa zinawaka, anapokea hela. Zimewaka kwa sababu pedali ya baiskeli moja imegusa ubavu wa pikapu mahali palipokwanguka rangi, na kutoka hapo umeme unapita kwenye bomba la kuvutia mpaka Fuso. Baiskeli nzima inakaa juu ya mpira na imepakwa rangi. Tuta la kwanza pedali inaruka, na hasi imekwenda. Gari litafika Sindeni bila taa, na mwenye gari ataapa kwamba alipotoka Korogwe zilikuwa zinawaka. Zilikuwa zinawaka kweli.

Hasi haiazimwi. Haiazimwi kwenye baiskeli, wala kwenye bawaba za mlango wa nyuma wa pikapu, wala kwenye bomba la kuvutia lenye kutu. Iwe na waya wake kutoka kwenye ubao mpaka kwenye gari linalovuta, usiokatwa njiani, na uwe mnene kuliko wenzake, kwa kuwa kila mmoja unapeleka mzigo wake na huo mmoja unarudisha wa wote.

Mzee mmoja wa upande wa Mombo, aliyejifunza kazi kwenye karakana za mabasi ya KAMATA, alikuwa na namna yake ya kukagua na sijaona iliyo bora. Aliwashisha taa ya usiku, akamwambia dereva wa mbele akanyage breki bila kuachia, kisha awashe indiketa juu ya hapo. Vyote vitatu kwa pamoja. Wakati huo yeye amekamata baiskeli ya mwisho kwa mikono miwili anaitikisa kwa nguvu zake zote, macho yamekazwa kwenye glopu. Ikicheza hata kidogo tu, alifungua kazi yote hata kama ni ya mwanawe. Nimewaona vijana wakimcheka kwa kutikisa baiskeli. Wateja wake hawakucheka.

Matapeli nao wana ufundi wao. Yuko anayeichonga kwa tupa pini ya glopu ili ikubali kuingia isikostahili, na hapo taa ya usiku inawaka kwa ukali wa breki, hata dereva wa nyuma asijue tena breki ni ipi. Yuko anayeifunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Yuko anayepaka rangi ya kucha kwenye kioo cheupe na kukiita chekundu.

Zamani kazi hii ilikuwa na adabu. Land Rover ndefu ilikuja na taa zake za duara, nje, zinaonekana, na kifuniko kilifunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Utingo alifunga kitambaa chekundu katikati ya kamba ya kuvutia bila kuambiwa, na gari likisimama alikuwa ameshakata matawi na kuyapanga barabarani kabla dereva hajashuka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuwa kichwani mwao kwa vifungu, lakini walimwonea huruma anayekuja nyuma.

La mwisho ni taa ya hazadi. Anayeshika usukani wa pikapu asiiwashe njia nzima akidhani anasaidia. Mwanga wake ukipenya kwenye spoki unachanganyika na indiketa ya ubao, na betri inakwisha kabla ya Handeni. Aiache kwa ajili ya kusimama. Na mkifika, ubao ushushwe kwanza, waya ukunjwe, ndipo baiskeli zifunguliwe, kwa sababu wapakuzi wana haraka na kisu chao hakichagui mpira wa tyubu na waya wa hasi.