Picha Isiyokaa Kwenye Karatasi

Mwaka 1838, mwaka mmoja kabla dunia haijatangaziwa upigaji picha, Charles Wheatstone aliwaeleza wanasayansi wa Royal Society ya London jambo ambalo kila mwenye macho mawili huishi nalo bila kulitambua. Macho yetu yametengana kama sentimita sita na nusu, kwa hiyo kila jicho linaona dunia kwa upande wake. Wheatstone alichora umbo moja mara mbili, kwanza kama jicho la kushoto linavyoliona, kisha kama la kulia linavyoliona, akatega vioo viwili ili kila mchoro ufike kwenye jicho lake. Mistari mitupu ikainuka, ikawa umbo lenye mbele na nyuma.

Naipenda sanaa iliyozaliwa hapo kuliko zote za kamera, na sababu yangu ni moja: inamheshimu mtazamaji. Picha ya kawaida humalizika mikononi mwa mpigaji. Picha pacha, yaani picha mbili za kitu kimoja, moja kwa kila jicho, hubaki nusu kazi mpaka mtu azitazame, kwa kuwa kile kina hakipo kwenye picha ya kushoto wala ya kulia. Kinazaliwa kichwani mwako. Fumba jicho moja, kinatoweka papo hapo.

Walioitumia siri hii kwa ufundi wa kutisha ni wachongaji na wapiga picha wa Paris, kuanzia miaka ya 1860. Walifinyanga jehanamu nzima za udongo, ndogo za kuenea juu ya meza: mifupa ya watu ikicheza dansi, Shetani akiandaa karamu, wakubwa wakipokea stahili yao. Wakazipiga picha kwa kamera ya lenzi mbili, na picha hizo zikajulikana kama Diableries. Ukiishika kadi moja na kuitazama kwa mwanga wa mbele, utaona picha ya kawaida isiyo na rangi. Igeuzie dirishani mwanga upite nyuma yake, na moto unawaka. Karatasi ile ni nyembamba mno, na rangi za maji zimepakwa mgongoni mwake, zikafichwa kwa karatasi nyingine laini. Macho ya kila fuvu yametobolewa kwa ncha ya sindano na kuwekewa kitu chekundu, basi mafuvu yanakukodolea macho ya kaa la moto. Hebu fikiria mkono uliotoboa matundu yale, mawili kwa kila fuvu, tena kwenye picha zote mbili, na yote yaoane. Ndani ya mzaha huo wa mashetani mlikuwa na kejeli kwa utawala wa Kaizari Napoleon III wa Ufaransa, na mnunuzi mwenye akili aliisoma bila kuambiwa.

Uingereza nako alikuwepo mpiga picha T. R. Williams, mtu wa utulivu. Miaka ya 1850 alipiga picha kijiji cha Hinton Waldrist, wakulima wake na nyumba zake, akatoa kadi 59 zenye beti za ushairi mgongoni. Kijiji hicho kilitambuliwa upya na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar. May ni mwanafizikia wa nyota pia, na mapenzi yake kwa picha pacha yamemfikisha hadi kuandaa picha za namna hiyo za asteroidi Bennu.

Lakini nikiulizwa tendo lililo bora kabisa, nitamtaja mwanaastronomia Warren de la Rue. Mwezi uko mbali mno. Macho yetu mawili hayawezi kuuona uviringo wake. De la Rue alijua kwamba mwezi, ingawa hutuonyesha uso uleule, huyumba kidogo. Basi alipiga picha, akangoja hadi mwezi urudi na mwanga uleule huku umegeuka kidogo, akapiga ya pili. Ukizitazama pamoja, mwezi unatuna kama yai. Ni kana kwamba macho ya mtazamaji yametengana makumi ya maelfu ya kilomita. Subira ya mtu mmoja ikafanya kazi ya jitu.

Sinema za 3D za kuvalia miwani zimeichafulia jina sanaa hii kwa kurusha mikuki usoni mwa watu. Kina hakihitaji kelele. Kinataka kitu chenye tabaka: majani, nyavu, ngazi, nakshi.

Nanyi wapiga picha wetu, simu zenu zinatosha. Simama mbele ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe au Lamu, uegemee mguu wa kushoto, piga. Hamishia uzito mguu wa kulia bila kuinua wala kuinamisha simu, piga tena. Ziweke mbili hizo sambamba, ya kushoto kushoto, kila moja isizidi upana wa sentimita sita, kisha legeza macho kana kwamba unatazama mbali, nyuma ya kioo cha simu. Zitaonekana picha tatu. Iangalie ya katikati. Wapo ambao macho yao hayatakubali, na hilo si kosa lao. Wengine wote, jaribuni leo jioni, jua likiwa limelala na vivuli virefu, maana nakshi hupendeza zaidi saa hizo.