Mkanda Usiokumbatia

Jumapili iliyopita nilisimama kwenye uwanja mmoja hapa Dar es Salaam nikawatazama watu wazima wakilipigia makofi gari bovu. Mercedes, neno Kompressor bado limebandikwa kwenye buti, na supachaja, ile pampu inayoisukumia injini hewa, imevalishwa puli ndogo ya rangi ya zambarau. Kijana mwenye gari akaweka fri, akapiga resi, mkanda ukapiga mluzi, umati ukashangilia. Walidhani ile ni sauti ya nguvu!

Gari likiwa fri, supachaja haina kazi ya maana. Baipasi imefunguka, hewa inazunguka tu ndani kwa ndani. Mkanda unaopiga kelele hata hapo utafanya nini kwenye kilima cha Pugu, gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho? Supachaja huhukumiwa ikiwa imebeba mzigo. Mengine ni maneno ya barazani.

Hesabu ya puli ndogo kila mtu anaijua. Puli ya krenki milimita 150, ya supachaja 75: injini ikifika mizunguko 6,000, supachaja iko 12,000. Weka ya 65, unapata karibu 13,850. Kwenye karatasi, raha tupu. Ila mkanda huo unakimbia mita 47 kwa sekunde, sawa na kilomita 170 kwa saa, na kwa mwendo huo wenyewe unataka kuikimbia puli, kama ndoo inayozungushwa kwa kamba. Supachaja ikiwa inakula kilowati 30, mkanda unaivuta kwa nguvu sawa na uzito wa mtu wa kilo 65 anayening'inia. Sasa niambie, mtu huyo ameshika wapi?

Hapo mgeni wa kazi hii haangalii kamwe. Yeye huubonyeza mkanda kwa kidole gumba, akiukuta mgumu anaridhika. Mimi naangalia kumbatio: mkanda umeizunguka puli ndogo kiasi gani kabla ya kuiacha. Mshiko haujumlishwi, huzidishwa. Toka nyuzi 120 uende 180, na kwa msuguano wa 0.4 upande unaovuta unaweza kuuzidi upande uliolegea mara 3.5 bila kuteleza, badala ya mara 2.3. Bila kumbatio, utakaza mpaka jasho likutoke, utakachoambulia ni beringi zilizokufa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Tanga aliyeanzia kazi kwenye mashine za mkonge, enzi za mikanda bapa mirefu ambayo ikikatika mnakimbia. Geji hakuwa nayo. Alikuwa na chaki. Alichora mstari kutoka katikati ya puli hadi pale mkanda unapogusa, na mwingine hadi pale unapoachia, kisha akapima kwa kipimapembe cha shule alichoazima kwa mjukuu wake. Kumbatio likiwa chini ya nusu mzunguko, hawashi. Siku moja aliletewa gari lililomaliza mikanda mitatu kwa mwezi. Mafundi waliotangulia walikuwa wamekaza, wakakaza tena. Mzee akatoboa bamba, akaisogeza aidla, ile puli ya kuuelekeza mkanda tu, jirani kabisa na puli ndogo, upande uliolegea, iusukume mgongo wa mkanda kwa ndani. Kingine hakukigusa. Sikuwahi kuona mkanda wa nne ukinunuliwa. Vijana wa siku hizi wangeagiza kwanza puli ya zambarau.

Matapeli nao hawakosi. Wengi hupaka sabuni ya mche: mluzi unakufa, mtelezo unabaki pale pale. Mmoja, simtaji, aliuminya mpira wa geji ya busti, yaani shinikizo la hewa ya supachaja, kwa waya kabla ya kumuuzia mtu gari. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Supachaja ya aina hii husukuma kiasi kilekile cha hewa kila mzunguko, kwa hiyo busti haina sababu ya kushuka injini inapopanda. Ukisoma bari 0.6 kwenye mizunguko 4,000, halafu 0.5 kwenye 6,000, filta ni safi na baipasi imefunga, basi mkanda unateleza. Mpira ukiminywa, mshale unakuwa mzito. Kabla haujashuka, dereva ameshaachia mafuta.

Kwa hiyo mimi napanda kilima, nazima, nafungua boneti na kunusa. Mtelezo wa asilimia 5 kwenye zile kilowati 30 ni kilowati 1.5 za joto. Hilo ni birika la umeme linalochemka juu ya puli isiyozidi kisahani cha kahawa. Mkanda mzima haunuki, haumwagi vumbi jeusi, na mifereji yake haing'ai kama kioo.

Mkanda wa mifereji 6 ni wa dinamo. Supachaja iliyoongezwa nguvu inataka 8. Puli iwe ya chuma, nyeusi, bila urembo. Sababu sina, lakini sijawahi kuona kazi nzuri yenye puli ya rangi.

Zamani waliheshimu mipaka ya mkanda. Bentley yenye blowa, ya mwaka 1929, haikuwa na mkanda kabisa: supachaja ilikaa mbele ya rejeta ikiendeshwa moja kwa moja na ncha ya krenki. (W. O. Bentley mwenyewe hakuipenda, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Hata Toyota, kwenye 1G-GZE ya miaka ya 1980, waliweka klachi ya sumaku ili supachaja ipumzike isipohitajika, na mkanda nao upumue.

Makofi yalipopoa nilimuuliza yule kijana aidla yake iko wapi. Akanionyesha kwa fahari: upande unaovuta. Nikatoa chaki mfukoni. Akaniuliza nataka kuandika bei gani.