Miguu Kabla ya Bunduki

Wanaoisifu Doom huanza na bunduki. Wanaoilaani nao huanza na damu. Hawakosei, maana mchezo huo uliotolewa Desemba 10, 1993 na id Software, kampuni ndogo ya Mesquite, Texas, umejaa vyote viwili. Lakini ukiucheza kwa utulivu, tena na tena, huku ukichunguza ulivyotengenezwa, utaona kwamba bunduki ndiyo kazi iliyokuwa nyepesi. Ufundi wenyewe uko miguuni. Mazimwi, kuta na milango vyote viliwekwa ili mchezaji aamue asimame wapi, na akae hapo kwa muda gani kabla ya kuhama.

Tuanze na mwendo. Askari wa Doom hasemi wala hachoki. Hasimami katikati ya vita kujaza risasi, hainami, haruki, wala hawezi kuinua macho juu. Adui akiwa amesimama kwenye ukingo wa juu, risasi humfuata yenyewe mradi mchezaji ameelekea upande wake. Unaweza kuyaita haya mapungufu ya teknolojia ya wakati ule, na kwa kiasi fulani yalikuwa hivyo. Tazama basi kinachobaki: mbele, nyuma, kulia, kushoto, na kasi inayowaacha nyuma takriban wote wanaomwinda. Akili yote ya mchezaji inahamia sakafuni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Imp, zimwi wa rangi ya kahawia mwenye miiba mabegani. Hurusha tufe la moto, na tufe hilo huenda polepole kiasi kwamba askari akikimbia kwa kasi yake yote hulishinda mbio. Uamuzi huo ni mdogo kwa kuutazama, ila umebeba mchezo mzima. Tufe lingekuja kwa kasi ya risasi, ungeumia bila kosa lako, na ungejifunza kujificha tu. Linapokuja taratibu unaliona, unalipima, unasogea kushoto kidogo, linapita. Umepona kwa ustadi wako na unajua hivyo. Imp mmoja hatishi. Imp watatu waliosimama pembe tatu ni habari nyingine, kwa sababu ukilikwepa tufe la kwanza unaweza kuwa unaingia njiani mwa la pili. Kisha mafundi wanakuchanganyia humo askari wafu waliofufuka, ambao risasi zao hazionekani wala hazikwepeki. Hao uwamalize mapema, la sivyo uweke nguzo kati yenu. Halafu anatokea Demon, yule wa rangi ya waridi, ambaye silaha yake ni meno tu, lakini anakuja moja kwa moja na kukuzibia njia uliyokuwa umepanga kurudia. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mgumu akiwa peke yake.

Na wana tabia moja ambayo bado inanifurahisha kila niionapo. Zimwi akipigwa kwa bahati mbaya na zimwi wa aina nyingine, humgeukia aliyempiga. Mchezaji mzoefu hujiweka makusudi kwenye mstari kati ya wawili, humsubiri Imp arushe, hupisha, na tufe humpata Demon mgongoni. Wanashikana wao kwa wao. Yeye amejipatia nafasi kama mshambuliaji mzuri wa mpira anavyojipatia, bila kugusa chochote.

Silaha nazo zimefungwa kwenye mwendo huohuo. Bunduki ya marisau hutema marisau 7 kwa mpigo, kisha hukokiwa, na karibu sekunde moja hupita kabla haijawa tayari tena. Kwa karibu, Imp kwa kawaida huanguka mara moja. Kwa mbali, marisau hutawanyika na mengi hupotea. Kwa hiyo bunduki inakusukuma usogee, na ile sekunde ya kungoja inakurudisha nyuma. Sogea, piga, rudi. Baada ya dakika chache mwili unakwenda kwa mapigo ya ile sauti ya kukoki, nawe hukufundishwa na maandishi yoyote kwenye skrini. Bunduki ya kumimina risasi ina kazi tofauti kabisa. Kila zimwi ana uwezekano wake wa kushtuka anapopigwa, na risasi ndogo zinazofululiza zinaweza kumshikilia Cacodemon, lile limviringo la jicho moja linaloelea hewani, asipate hata nafasi ya kutema moto wake.

Yote haya yangekufa ndani ya vyumba vibaya. John Romero, aliyechora sehemu kubwa ya ramani za kipande cha kwanza cha Doom, alijiwekea masharti: giza lipakane na mwanga, penye ufinyu pafuatiwe na uwazi, kila ramani iwe na siri zake, na mchezaji apitishwe mahali palepale zaidi ya mara moja hadi ajue mpangilio wake kichwani. Sharti jingine ni kwamba mahali pa nje panapoonekana dirishani lazima pawe na njia ya kufikiwa. Ramani ya kwanza kabisa inalitimiza. Chumba unachoanzia kina dirisha, na nje unaona uwanja wenye bwawa na deraya ya buluu. Huoni mlango wa kutokea. Unaendelea mbele ukiwa na tamaa ile moyoni, unapigana, na njia ya siri ya kufika kule iko mbali na dirisha lenyewe. Ukiipata, umeshaujua mzunguko wa jengo zima.

Kasi hiyo ilihitaji mtu wa hesabu. John Carmack alitumia mbinu iliyoelezwa na Fuchs, Kedem na Naylor katika makala ya 1980: ramani inagawanywa mapema, kipande kwa kipande, ili mchezo unapochezwa kompyuta ijue papo hapo ukuta upi uko mbele na upi uko nyuma. Ndiyo maana mashine za wakati ule ziliweza kuchora mbio zile bila kukwama. Kidole kikigusa kitufe na mguu ukachelewa kuitikia, hakuna ramani nzuri itakayokuokoa.

Quake III Arena ya 1999, mchezo mwingine wa id Software, inanipa sababu nyingine ya kumheshimu Carmack. Wachezaji wa Quake waligundua kwamba ukiruka mfululizo huku ukikata pembe kwa namna fulani, unazidi kasi iliyokusudiwa. Carmack alijaribu kuizuia hali hiyo, akaona dawa inaharibu utamu wa mwendo wa kawaida, akaiacha. Kuacha kulihitaji sikio zuri kuliko kurekebisha.

Miaka ilipita, na michezo mingi ya aina hii ikawafundisha watu kujibanza nyuma ya ukuta na kungoja majeraha yapone yenyewe. Hata id Software walianza Doom mpya kwa mtindo huo, wakaitupa. Ile iliyotoka Mei 2016, chini ya Marty Stratton na Hugo Martin, ililipindua wazo zima. Afya hairudi kwa kujificha. Zimwi aliyejeruhiwa vya kutosha hupepesuka na kuwaka rangi. Ukimfuata na kummaliza kwa mikono, anamwaga afya. Risasi zikiisha, unamkata mwingine kwa msumeno wa injini nazo zinamwagika. Kwa hiyo wakati unapokaribia kufa, ambapo kila hisia inakwambia kimbia, dawa yako imo kifuani mwa adui. Sijui uamuzi mwingine wa miaka ya karibuni uliobadilisha tabia ya mchezaji kwa kitu kidogo kama hicho.

Doom Eternal ya 2020 ilikaza kamba zaidi: risasi chache, na kila zimwi ana silaha inayomfaa. Sehemu kubwa ya ukazaji huo naikubali. Nisichokikubali ni zimwi aitwaye Marauder. Ukiwa mbali naye anakurushia makali ya moto, ukiwa karibu mno anakupiga kwa bunduki, ukimpiga ngao anaachia mbwa mwitu wake. Inakubidi usimame umbali wa kati na kungoja macho yake yawake kijani. Watetezi wake husema anafundisha subira, na wengi wao ni wachezaji hodari kuliko mimi. Lakini katika mchezo uliojengwa kwa mbio tangu 1993, huyu ndiye zimwi anayeifanya miguu isimame, na kila anapoingia uwanjani naona mkono wa fundi ukinishika bega.