Dhahabu Iliyokaa Kwenye Mkaa

Kwenye masoko ya Temeke na Tandale nazi huvunjwa kutwa, na vifuu vinavyobaki wengi huwashia jiko. Kifuu hichohicho kikichomwa bila hewa, kisha kikapitishiwa mvuke wa nyuzi joto 900 hivi, huwa mkaa wenye vitundu vidogo mno, kiasi kwamba gramu moja hufikisha eneo la mita za mraba 1,000 ndani yake. Migodini, mkaa wa namna hii hunasa dhahabu kwenye maji ya sayanaidi, kisha wachenjuaji huiondoa.

Wapo mafundi wanaoipandisha dhahabu kwenye mkaa wakaiacha humo ifanye kazi. Mwaka 2002 Serena Biella, Laura Prati na Michele Rossi wa Milan, Italia, walionyesha kuwa dhahabu hiyo hugeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki. Oksijeni hugusa ncha moja tu ya sukari na kuacha kwingine kote salama.

Utengenezaji wake ndio unaonipendeza. Dhahabu huyeyushwa kwa tindikali, maji yakawa ya manjano. Hutiwa polima kidogo ya kuzitenganisha chembe za dhahabu zitakazotokea, halafu sodiamu borohaidraidi iliyokorogwa muda huohuo, maana ikilala inapoteza nguvu. Papo hapo manjano hutoweka, maji yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Wekundu huo ni habari njema: chembe hazijashikana, nazo kwa njia hii huwa na nanomita 3 au 4 tu. Ukielekea zambarau, zimeanza kugandana, na kazi imeharibika. Wekundu ukidumu, mkaa humiminwa na kukorogwa taratibu. Ukishatulia chini, fundi huyatazama maji ya juu. Yakiwa maangavu, dhahabu yote imepata pa kukaa; yakiwa na wekundu, iko iliyobaki nje.

Mwaka 2004 kundi la Rossi lilizijaribu chembe hizo bila mkaa. Mwanzoni zilikwenda kasi sawa na zile za kwenye mkaa, ila baada ya dakika chache zilishikana, zikakoma. Basi kazi kubwa ya mkaa ni kuzishika zisikutane, na nadhani watu huuonea mkaa wanapoisifu dhahabu peke yake. Chembe zikishavuka nanomita 10, dhahabu hurudia uvivu wake wa kwenye pete.

Chumvi ya asidi hiyo ya glukoniki, glukonati ya sodiamu, huchanganywa kwenye zege ili lisigande upesi. Anayeijua foleni ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, jua likiwa la utosi, haulizi gari la zege linaitakia nini. Nyingi ya glukonati bado hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus niger, naye simdharau: hahitaji dhahabu. Ila anataka kulishwa, kupewa hewa na kulindwa dhidi ya vijidudu vingine, na hana haraka. Chembe za Milan hutaka maji ya nyuzi joto 50, alkali kidogo na oksijeni.