Saa ya Tokyo Juu ya Guadalcanal

Jioni ya tarehe 7 Novemba 1942, Kapteni Joe Foss wa Marini wa Marekani aliruka kutoka Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, na wenzake kwenda kuzishambulia manowari za Kijapani zilizokuwa zikikisogelea kisiwa. Wakakutana na ndege za kivita zenye maboya, zilizotumwa kuzilinda manowari hizo. Kabla giza halijatanda, Foss alikuwa baharini karibu na Malaita, injini ya ndege yake ya Wildcat imeharibiwa kwa risasi, na watu wa misheni wakamwokoa kwa mitumbwi.

Ukisoma kwamba alitunguliwa na "Zero yenye maboya", usikubali. Ndege hiyo, A6M2-N, ambayo Waamerika waliipa jina la Rufe, ilikuwa na kiti kimoja, na silaha zake zote zilitazama mbele. Aliyempiga Foss alikuwa ameketi nyuma ya rubani wake akiangalia mkiani. Huyo ni mtu wa F1M2, ndege ya viti viwili yenye mabawa ya ghorofa mbili. Siku ile aina zote mbili zilikuwa angani pamoja.

Nimeanza na kosa hili kwa sababu linaonyesha kazi ya kuchunguza mapambano ya angani ilivyo. Pambano la angani huchukua dakika chache, na kila aliyekuwapo ana upande. Hulijui mpaka uziweke karatasi za maadui wawili mezani, na karatasi hizo hazisemi lugha moja, hazifuati saa moja, wala hazihesabu namna moja.

Japani ilizihitaji ndege hizi za maboya kwa sababu ya umbali. Kutoka kituo chao cha Rabaul hadi Guadalcanal ni kama kilomita 1,000, na katikati viwanja vya ndege vilikuwa havijawa tayari. Kampuni ya Nakajima wakaichukua Zero, ndege ya kivita ya Mitsubishi, wakaondoa magurudumu, wakafunga boya kubwa chini ya tumbo na mawili madogo chini ya mabawa. Zilitengenezwa 327. Boya lilikula kasi: ndege ilifika takriban kilomita 435 kwa saa, karibu 100 chini ya Zero ya kawaida. Lakini ghuba tulivu na mapipa ya mafuta vilitosha kuwa kituo. Ndivyo visiwa vya Shortland na Ghuba ya Rekata vilivyoingia vitani.

Karatasi kuu ya upande wa Japani inaitwa kodo chosho. Ni fomu iliyojazwa baada ya kila kazi: tarehe, majina na vyeo, saa ya kuondoka na ya kurudi, risasi zilizotumika, walichodai kuangusha, walichopoteza. Nyaraka nyingi za majeshi ya Japani zilichomwa moto Agosti 1945. Zilizonusurika zinatunzwa Tokyo katika Taasisi ya Taifa ya Mafunzo ya Ulinzi, na Kituo cha Japani cha Kumbukumbu za Kihistoria za Asia, kilichofunguliwa mwaka 2001, kinaziweka kwenye intaneti bila malipo. Mtu aliyeko Morogoro anaweza kuufungua ukurasa uleule anaousoma profesa wa Tokyo, na hilo linanifurahisha sana. Upande wa pili kuna shajara za vita na ripoti za mapigano za vikosi vya Marekani.

Katika fomu hiyo naiamini zaidi safu ya risasi kuliko safu ya ushindi. Rubani aliyetoka kuponea chupuchupu huona moshi wa adui akaandika kwamba ameanguka, na mwenzake aliyeifyatulia ndege ileile huandika vilevile. Ndege moja ikawa mbili. Hiyo haikuwa tabia ya Wajapani peke yao. Risasi, kwa upande wake, zilihesabiwa na fundi aliyejaza mpya.

Kisha kuna mtego wa majina. Neno la Kijapani la "sifuri" limo katika jina la Zero, lakini limo pia katika jina rasmi la F1M2 na katika lile la E13A, ndege ya upelelezi ya watu watatu. Zote tatu zilipewa namba hiyo kwa sababu zilipokelewa mwaka 1940, ambao kwa kalenda ya kifalme ya Japani ni 2600. Mfasiri mwenye haraka huona "sifuri" akaandika Zero, na ndege ya mtindo wa zamani yenye mabawa ya ghorofa mbili ikageuka kuwa ndege ya kivita ya kutisha.

Meli nazo hazina nafuu. Kamikawa Maru, Kimikawa Maru, Kunikawa Maru na Kiyokawa Maru zote zilibeba ndege za maboya. Kamikawa ilileta Rufe visiwa vya Solomon; Kimikawa ilifanya kazi kaskazini, kwenye ukungu wa visiwa vya Aleutian. Kosea herufi moja, umemhamisha rubani kutoka joto la ikweta hadi jirani ya Alaska. Na tarehe 1 Novemba 1942 jeshi la majini lilibadilisha majina ya vikosi vyake: Kikosi cha 14 kikawa cha 802, Yokohama kikawa cha 801. Asiyejua hilo atadhani kikosi kipya kimewasili siku sita tu kabla ya Foss kuanguka baharini, ilhali jina ndilo lililokuwa jipya.

Suala la saa nadhani sisi tunalielewa haraka kuliko wengine. Tumekua tukisema saa moja asubuhi huku saa ya mkononi ikionyesha 7, na hakuna anayechelewa shuleni kwa sababu hiyo. Jeshi la majini la Japani lilifuata saa ya Tokyo popote lilipokwenda. Kule Guadalcanal Waamerika mara nyingi walikuwa saa mbili mbele, kwa hiyo pambano la saa kumi jioni kwao liliandikwa na Wajapani kuwa la saa nane mchana. Usipolisawazisha, pambano moja linakuwa mawili. Kule Aleutian hata siku hutofautiana: shambulio la Wajapani dhidi ya Dutch Harbor lilianza tarehe 3 Juni 1942 kwa Waamerika, na tarehe 4 kwa saa ya Tokyo.

Huko kaskazini pia ndipo utajifunza kutoilaumu bunduki kwa kila hasara. Kisiwani Kiska, dhoruba na mawimbi viliziharibu Rufe nyingi zikiwa zimefungwa tu majini. Ukihesabu ndege zilizoletwa ukatoa zilizobaki, ukampa adui tofauti yote, umewaandikia marubani wa Marekani ushindi ambao wenyewe hawakuudai.

Yote haya yanachukulia kwamba pande zote mbili ziliandika. Tulagi, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Guadalcanal, haikuwa hivyo. Rufe za Kikosi cha Yokohama zilikuwa huko zikipambana na ndege za Marekani za B-17, na tarehe 4 Agosti 1942 moja iligongana na B-17 angani. Siku tatu baadaye, alfajiri, ndege kutoka Wasp, meli ya Marekani ya kubeba ndege, ziliwakuta Wajapani hawajaruka. Rufe na ndege kubwa zenye tumbo la mashua ziliungua palepale majini. Kisha Marini wakateremka kwenye visiwa vidogo vya Gavutu na Tanambogo, na karibu watu wote wa kikosi waliokuwa hapo, marubani na mafundi, walikufa wakipigana nchi kavu.

Kwa siku hiyo mtafiti ana ripoti za marubani wa Wasp, zenye idadi ya ndege walizozichoma. Ana simu za upepo zilizofika Rabaul alfajiri, ya mwisho ikisema kwamba watapigana hadi mtu wa mwisho. Baada ya hapo redio ya Tulagi haikusikika tena.