Sifa ya Mkono Unaojizuia

Vifaa vingi vya nyumbani humvumilia fundi mwenye pupa. Pasi ikigoma au redio ikinyamaza, mtu huifungua, hugusa hapa na pale, hubadilisha waya, na akikosea kinachopotea ni pasi au redio yenyewe. Kisanduku cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, kile ambacho mafundi hukiita NAS, hakina uvumilivu huo. Chuma chake ni cha bei ndogo. Thamani iko kwenye picha za harusi, hati za kiwanja, hesabu za duka na sauti za wazee waliokwisha kufariki, vitu visivyouzwa dukani popote. Kikishafikisha miaka minane au kumi na kuanza kusuasua, jaribio lolote la kukiponya laweza kuwa ndilo linalokimaliza. Kwa sababu hiyo naona ufundi wa kutafuta hitilafu katika kifaa hiki unastahili sifa ya pekee: fundi wake hupimwa kwanza kwa yale aliyojizuia kuyafanya.

Tazama jinsi malalamiko yaleyale yanavyoweza kuwa na chanzo tofauti kabisa. Mwenye kifaa anasema kinajizima na kujiwasha, na kwamba diski moja hutoweka kisha hurudi. Wengi wataihukumu diski papo hapo. Fundi mzuri huanzia nje, kwenye adapta. Kapasita zilizomo ndani yake hukauka kwa joto na miaka. Adapta ya volti 12 ikipimwa bila mzigo huonyesha volti 12 kamili, lakini diski nne zinapoanza kuzunguka kwa pamoja, wakati mota zake zinapodai umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote, volti huporomoka na diski yenye afya huonekana mgonjwa. Akitoka hapo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea zenyewe, ziitwazo SMART. Namba 199 ikipanda wakati 197 iko sifuri, shaka kubwa ni kwenye kebo au kiunganishi. Ikipanda 197, kuna sehemu za diski ambazo hazisomeki sawasawa, na hapo mambo ni mazito. Wakati mwingine kifaa hakina ugonjwa wowote. Toleo la kwanza la SMB, itifaki ya kushirikishana mafaili kwenye mtandao, ambalo udhaifu wake ulitumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, liliacha kuwekwa kwenye usakinishaji mpya wa Windows 10 kuanzia mwishoni mwa mwaka huohuo. Kisanduku cha zamani kinachojua toleo hilo tu kikaonekana kimekufa, kumbe ni kompyuta iliyoacha kuzungumza lugha yake. Aliyekimbilia kukirudisha katika hali ya kiwandani alikuwa akitibu kisichoumwa, na katika baadhi ya vifaa hatua hiyo hufuta kila kitu.

Hata diski inapokuwa imeharibika kweli, kujizuia ndiko kunakookoa. Wazo la kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa nyingine zishike nafasi yake, RAID, lilitangazwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa chuo kikuu cha California, Berkeley. Ni wazo zuri, lakini lina mtego kwa kifaa kizee. Ukiweka diski mpya, zilizobaki hulazimika kusomwa mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi, nazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na iliyokufa na zimekaa katika joto lilelile. Katika mpangilio wa RAID 5, ya pili ikianguka katikati ya kazi hiyo, safu nzima imekwenda. Kwa hiyo fundi huandika namba ya nafasi ya kila diski kabla hajaichomoa, kisha hunakili kwanza, hutengeneza baadaye. Programu ya ddrescue iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz imejengwa kwa busara hiyohiyo: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zinazogoma, huweka rekodi ya ilikofika, halafu ndipo hurudi kwenye zile ngumu. Na ukiunganisha diski ya kisanduku kwenye kompyuta ya Windows, ikakuuliza kama uifomati, jibu ni hapana. Windows haiufahamu tu mpangilio wa mafaili wa Linux uliomo humo.

Atasema mtu kwamba haya yote ni ya nini ikiwa mashine hujipima yenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Google, wakiongozwa na Eduardo Pinheiro, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu za SMART. Zilificha maradhi mpaka kifo kikaziumbua. Lakini diski iliyokwisha kuonyesha kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Ukimya wa kipimo hauthibitishi uzima, na sauti yake haifai kupuuzwa. Kupima mambo hayo mawili bado ni kazi ya mtu.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ile ya kuachana na kizee, kununua kipya au kuhamia kwenye hifadhi za intaneti. Nusu yake naikubali. Kifaa kisichopata tena masasisho ya usalama hakifai kufunguliwa kwa intaneti: Juni 2021 wamiliki wengi wa visanduku vya My Book Live, ambavyo sasisho lake la mwisho lilikuwa la mwaka 2015, walikuta data zao zimefutwa kutoka mbali. Nakubali pia kwamba RAID haichukui nafasi ya nakala rudufu. Lakini nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwa majirani, na aliyekuwa na mafaili yake sebuleni aliendelea kuyafungua. Tena huwezi kuhamisha mali kutoka kwenye kifaa kisichowaka. Chipu za Intel za familia ya Atom C2000 zilibainika mwaka 2017 kuwa na kasoro: njia ya mawimbi ya saa hudhoofika kadiri miaka inavyopita, hadi siku moja kisanduku chenye chipu hiyo hakiamki tena ilhali diski zake ni nzima. Watu wenye mkono mtulivu waligundua kwamba kipingamizi kimoja cha takriban omu 100, kikichomelewa mahali pake kwenye bodi, huweza kukiamsha. Kipingamizi hicho hakikirudishii kifaa ujana wake. Kinampa mwenyewe muda wa kunakili, na fundi anayeijua kazi yake humwambia hivyo waziwazi, kisha huanza kunakili usiku uleule.